Polepole, taratibu au kidogo kidogo: lipi kwa badiliko lipi?

Mwezi unasogea mbali na Dunia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Tuseme unataka kuieleza habari hiyo bila takwimu. Utaandika kwamba unasogea polepole? Taratibu? Kidogo kidogo? Hatua kwa hatua? Kimyakimya? Maneno yote matano ni ya Kiswahili safi, na yamekaribiana kiasi kwamba waandishi wengi hushika la kwanza linalowajia. Lakini katika sentensi hii ya Mwezi mawili hayafai kabisa, moja linapita kwa shida, na kati ya mawili yanayobaki kuna lililo bora kuliko lenzake.

Kabla ya kuchagua, jiulize unachotaka kusema hasa. Kwamba kasi ilikuwa ndogo? Kwamba vipande vilivyoongezeka au kupungua vilikuwa vidogo? Kwamba kulikuwa na hatua, moja ikifuata nyingine? Kwamba hakuna aliyeona? Au kwamba kuna mtu aliyeficha? Ni mambo matano tofauti, na Kiswahili kina neno lake kwa kila moja. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika maandishi ni kutumia neno la jambo moja kulibeba jingine, hasa hayo mawili ya mwisho.

Polepole na taratibu

Polepole hupima kasi, basi. Halisemi lolote kuhusu nia wala mpangilio wala uangalifu, na ndiyo maana linakubali karibu kila kitu: kobe, gari lenye mzigo mzito, ukucha unaokua, chuma kinachoshika kutu. Kipimo chake ni rahisi. Weka "haraka" mahali pake. Kama sentensi bado ina maana, ingawa ni kinyume, polepole liko nyumbani. "Nywele zake zilikua haraka" ni sentensi kamili, kwa hiyo "zilikua polepole" nayo ni kamili.

Taratibu lina kitu cha ziada. Mpangilio na uangalifu vimo ndani yake. Linganisha:

"Fungua mlango polepole."
"Fungua mlango taratibu."

Ya kwanza inaomba mkono usiende mbio. Ya pili inaomba mlango usipige kelele, usimgonge mtu, usimwamshe aliyelala. (Mlango wenye bawaba kavu ukiufungua polepole ndiyo kwanza unalia kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo wakati mwingine kuufungua taratibu ni kuufungua upesi.) Katika mazungumzo watu hubadilishana maneno haya mawili bila shida na sioni sababu ya kumsahihisha mtu. Katika maandishi, tofauti ina faida. "Mgonjwa alirudishiwa chakula kigumu taratibu" inaonyesha kwamba kuna aliyekuwa akipima na kuangalia. Ukiandika polepole hapo, msomaji anaweza kudhani kijiko ndicho kilichochelewa.

Kwa hiyo taratibu hupenda badiliko lenye mkono nyuma yake, au lenye sura ya upole. Ndiyo sababu kwenye sentensi ya Mwezi linapita kwa shida: linaupa Mwezi adabu ambayo hauna.

Taratibu lina mtego mwingine, na huu ni wa kuogopa zaidi. Neno hilohilo ni wingi wa utaratibu. Soma sentensi hii: "Ofisi imeanza kubadilisha taratibu." Imeanza kubadilisha nini? Kanuni za kazi, au imeanza kubadilisha jambo fulani bila pupa? Wasomaji wengi watachukua maana ya kwanza. Popote kitenzi kinapohitaji kitu cha kutendewa na kitu hicho hakijatajwa, liepuke taratibu, chukua kidogo kidogo. Polepole nalo lina kasoro ndogo ya namna hiyo, lakini tiba yake ni tahajia tu: liandike neno moja. Likitenganishwa, "pole pole", linaweza kusomeka kama mtu anayefariji.

Kwa watunzi wa mashairi yaliyofungwa kwa vina na mizani, maneno haya mawili yana uzito mmoja: po-le-po-le, ta-ra-ti-bu, mizani nne kila moja, nusu kamili ya kipande cha mizani nane. Hapo kina ndicho kitakachokuamulia, uishie kwenye -le au -bu. Lipo pia asteaste, neno lililokaa vizuri katika ushairi na hadithi za kale. Ukiliweka kwenye ripoti ya kazi, litaonekana limevaa nguo za sherehe.

Kidogo kidogo

Hapa kasi haihusiki. Kinachopimwa ni kipande. Jozi hii inatosha kuonyesha:

"Alikunywa dawa polepole."
"Alikunywa dawa kidogo kidogo."

Mtu wa kwanza huenda alikunywa kikombe kizima kwa pumzi moja ndefu, ila bila haraka. Wa pili alipiga mafunda madogo, na kila funda huenda lilimezwa upesi. Ndivyo ilivyo kwa deni pia. Anayelilipa polepole anamchosha mdai. Anayelilipa kidogo kidogo analeta kiasi kidogo kila mara, na anaweza kuwa analeta kila siku.

Kwa kuwa neno hili linagawa, linataka kitu kinachogawika: maji, deni, uzito, umbali, imani, woga. Kisichogawika hulikataa. "Alizinduka kidogo kidogo" inasikika kama viungo vilikuwa vikiamka kwa zamu. "Alizinduka polepole" ndiyo yenyewe.

Sasa turudi kwa Mwezi. Katika kuizunguka Dunia, Mwezi hukimbia kilomita 1 hivi kwa sekunde. Ukiandika tu kwamba "unasogea polepole", umeandika jambo ambalo msomaji mwenye ujuzi wa anga ataguna akilisoma. Kilicho kidogo ni umbali unaoongezeka. Kwa hiyo naichagua hii: "Mwezi unazidi kuwa mbali na Dunia, kidogo kidogo." Polepole bado linaruhusiwa, mradi ulifunge kwenye kitenzi cha kwenda mbali: "unajitenga na Dunia polepole sana."

Usichanganye kidogo kidogo na kidogo. Kimoja ni njia, kingine ni kiasi:

"Homa imepungua kidogo."
"Homa inapungua kidogo kidogo."

Ya kwanza ni matokeo: tulipima, tukaona tofauti ndogo. Inaweza kuwa imeshuka ghafla saa moja iliyopita, na huenda haitashuka tena. Ya pili ni mwendo unaoendelea, nao unaweza kuishia kwenye tofauti kubwa. Ndiyo maana kidogo kidogo huchangamkia -na-, -li- na umbo refu la "imekuwa ikipungua", lakini hukaa kwa unyonge baada ya -me- tupu. Na kidogo likitangulia kitenzi chenye -e mwishoni, "kidogo aanguke", tumeshahama kabisa: hapo maana yake ni kwamba nusura aanguke.

Kidogo kidogo halina upande. Huongeza, hupunguza. Methali zimetupa maneno yenye upande, na nashangaa yanavyotumika kwa nadra nje ya methali zenyewe. Haba na haba hujaza kibaba: hilo ni la kupanda. Bandu bandu huisha gogo: hilo ni la kushuka, kibanzi kimoja baada ya kingine mpaka gogo halipo. Ukiandika "akiba yao ililiwa bandu bandu", msomaji ameshajua mwisho wake kabla hujamwambia. Lakini "akiba yao ililiwa haba na haba" ni kuyaendesha maneno kinyume na njia yao. Tone kwa tone nalo ni zuri kwa kinachoingia au kutoka bila kukatika, na si lazima kiwe maji; habari pia huvuja tone kwa tone.

Mdogo mdogo ni la mazungumzo. Ndani yake kuna kutiana moyo, "mdogo mdogo tutafika", na hilo ndilo linalolitenga na kidogo kidogo lisilojali. Wazungumzaji wa Sheng wana mosmos. Yote mawili yaache kwenye midomo ya wahusika.

Hatua kwa hatua

Sitakaa sana hapa kwa sababu kanuni ni moja. Kama huwezi kutaja hatua ya kwanza na ya pili, usiandike hatua kwa hatua. Kujifunza kuogelea kuna hatua. Kuhamisha mafaili kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya kuna hatua. Ukucha hauna, na Mwezi hauna. Hausimami mwisho wa mwaka ukapumua, ukapiga hatua nyingine. Ripoti nyingi huandika "hali iliimarika hatua kwa hatua" bila kutaja hata moja, na msomaji makini hubaki akizitafuta. Awamu kwa awamu ni hatua kubwa zaidi, zenye tarehe na mtu anayezisimamia, na baina yake kuna mapumziko. Ukitaka neno la ripoti lisilotangaza mpango wowote, "kwa kasi ndogo" linatosha, na lina heshima ya kupokea tarakimu baada yake.

Lisiloonekana si lile lililofichwa

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu watu hudhani kwamba kinachokwenda polepole hakionekani, na kisichoonekana kinakwenda polepole. Hakuna linalolazimisha jingine. Mwanasayansi Mjerumani Ernst Heinrich Weber alionyesha katika karne ya 19 kwamba badiliko dogo kabisa tunaloweza kulihisi hutegemea ukubwa wa kile kilichokuwapo tangu mwanzo. Aliyeshika gramu 100 mkononi atahisi ukimwongezea gramu 20. Aliyebeba kilo 10 hatahisi chochote. Gramu hizo 20 ziliwekwa mara moja, wala si polepole, na bado hazikuonekana. Upande wa pili, maumivu yanayopungua polepole hufuatiliwa na mgonjwa saa kwa saa. Kwa hiyo polepole haliwezi kubeba maana ya "bila kutambuliwa". Ukitaka maana hiyo, uilete kwa maneno yake.

Wengi hapo hukimbilia kimyakimya. Ni neno tamu, lakini lina mtu ndani. Kukaa kimya ni tendo la anayeweza kusema. "Bei ilipandishwa kimyakimya" maana yake kuna aliyepaswa kutangaza akanyamaza. Chini kwa chini linakwenda mbali zaidi: kuna shughuli inayoendelea huku juu pakionekana shwari. Manung'uniko husambaa chini kwa chini, mipango hupikwa chini kwa chini. Kinyemela ni shutuma kamili. Ukiliandika, uwe na ushahidi. Yapange hivi kwa ukali:

"Masharti yalibadilika bila watu kutambua."
"Masharti yalibadilishwa kimyakimya."
"Masharti yalibadilishwa kinyemela."

Ya kwanza haimlaumu mtu. Ya pili inanyosha kidole, ya tatu inashika kola. Angalia pia kitenzi: yalibadilika kwanza, kisha yalibadilishwa. Kimyakimya linamtaka mtendaji hata asipotajwa, na ukiliweka kwenye jambo la maumbile, kama kutu au mvi au Mwezi wetu, unaandika ushairi utake usitake. Wakati mwingine ndicho unachotaka. Katika maelezo ya kisayansi sicho.

Kwa lisiloonekana lakini lisilo na mfichaji, chaguo la kawaida ni "bila mtu kutambua" au "bila mtu kugundua". Sipendi "kwa namna isiyoweza kutambulika kwa urahisi". Ni mzigo wa maneno, na linanuka tafsiri. Kama jambo lipo lakini hafifu, Kiswahili kina "kwa mbali". Kichwa kinauma kwa mbali. Wamefanana kwa mbali. Hilo ni la kiwango, si la mwendo, kwa hiyo hufaa pale unapoeleza hali ya sasa, lakini si badiliko: "ukungu ulianza kuonekana kwa mbali" inaweza hata kumchanganya msomaji, asijue kama ni umbali au uhafifu.

Lakini kwa badiliko lililompitia mtu mwenyewe asijue, naweka kando vielezi vyote na kuchukua kitenzi -jikuta. "Alijikuta amezoea." "Tulijikuta hatuongei tena." Mwendo wote umerukwa, na msomaji anatua mwisho pamoja na mhusika, wote wawili wakishangaa. Linganisha na "walizoea polepole bila kutambua": maelezo ni yaleyale, mshangao haumo.

Kila kukicha na kila uchao huwekwa mara nyingi kundi moja na haya, na si mahali pake. Anayesema "bei zinapanda kila kukicha" ameliona badiliko, tena kila asubuhi, na amechoka nalo. Siku hadi siku ni tulivu zaidi na halina lawama. Miaka nenda miaka rudi ni kinyume kabisa: wakati unakwenda, jambo liko palepale. Na punde si punde, ingawa linafanana kwa umbo na maneno ya mwendo wa pole, maana yake ni muda mfupi sana. Nimeliona likitumiwa kwa "polepole" na sentensi nzima ikageuka.

Pale usipohitaji kielezi

Vitenzi vingi vya Kiswahili vimekwisha kubeba mwendo huo ndani. Rangi hufifia, kitambaa huchakaa, udongo humomonyoka, jani hunyauka, wazo hupevuka. Hakuna kinachochakaa kwa dakika moja. "Kitambaa kilichakaa polepole" inakubalika tu kama unataka kusema kilichakaa kwa kasi ndogo kuliko vitambaa vingine. Vinginevyo polepole limekuja kukaa bure. Zipo njia nyingine pia. Kitenzi -zidi hufanya kazi kwa kupanda na kushuka: baridi inazidi kuongezeka, nguvu zinazidi kupungua. "Kadiri... ndivyo" huunganisha mabadiliko mawili yanayokwenda pamoja, kwa hiyo usiitumie kama badiliko ni moja. Na msimulizi ana silaha ambayo hakuna kielezi kinachoifikia, yaani kurudia kitenzi: "rangi ikapauka, ikapauka, ikapauka, hata maandishi yasisomeke." Mara tatu inatosha. Katika ripoti, hata mara mbili ni nyingi.

Mahali pa kukiweka

Chukua mtu anayezeeka na masikio yake. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, kama za ndege au kengele ndogo, na mhusika huwa wa mwisho kujua. Uandike nini?

"Alipoteza uwezo wa kusikia polepole." Hapana. Kielezi kimeangukia mikononi mwa kitenzi cha karibu, na sasa kuna uwezo wa ajabu unaoitwa kusikia polepole. Kisogeze: "Alipoteza polepole uwezo wa kusikia." Maana imetulia, ila sentensi bado inatazama kasi tu.

"Usikivu wake ulipungua kidogo kidogo." Hii ni bora kwa daktari, kwa sababu usikivu hupimwa na kila kipimo kinaweza kuonyesha kipande kilichopotea.

"Usikivu wake ulipungua hatua kwa hatua" ningeikubali kama tu vipimo vilionyesha ngazi: kwanza sauti nyembamba, kisha maneno kwenye kelele, kisha mazungumzo ya kawaida.

"Usikivu wake ulimtoka kimyakimya." Ucheshi wake sidhani kama ulikusudiwa.

Na kama ni hadithi, au barua, au chochote ambacho msomaji anatakiwa kukiona kwa macho ya mzee mwenyewe: "Alijikuta anawaomba watu warudie walichosema, kisha akawa anawalaumu kwamba siku hizi wananong'ona."